Muulize Bibi Shamba: Namba ya ruzuku ndo hela yenyewe

Wapendwa, mwezi huu simu yangu imejaa meseji za ruzuku tu. Hakuna aliyeuliza viwavijeshi, hakuna aliyeuliza nyanya kuoza kitako, wote ni mbolea, namba, wakala, foleni. Nimechagua chache maana nyingine lilikuwa swali lilelile limeandikwa na watu kumi. Kwa wageni wa safu hii, mimi nilikuwa bibi shamba miaka ishirini na kitu huko vijijini nyanda za juu kusini, sasa nimestaafu nalima mahindi yangu na parachichi kidogo, kwahiyo foleni hii nimekaa upande wa meza na sasa nakaa upande wa wenye jua kichwani.

Shikamoo Bibi Shamba. Nipo Mbozi, nilijisajili ruzuku ya mbolea tangu mwaka juzi na namba nikatumiwa kwenye simu, ila mpaka leo hakuna hela iliyoingia, benki hakuna, kwenye simu hakuna. Jirani yangu anasema mtendaji ndo anazila. Nianzie wapi kudai? – Mkulima wa kahawa na mahindi

Marahaba mwanangu. Kwanza mtendaji wa watu mwache apumzike, kwenye hili hana kosa, maana hela unayoisubiri haipo na haikuwahi kuwepo. Ruzuku ya mbolea ya kwetu haiji mkononi, inakuja ndani ya mfuko.

Iko hivi. Kuanzia 2021 mbolea ilipanda bei dunia nzima, gesi ilipanda, China ikabana mbolea yake isitoke nje, halafu Februari 2022 vita ya Urusi na Ukraine ikamalizia kabisa, mfuko wa Urea ukapita laki na ishirini, watu wakaanza kupanda mahindi bila kitu na mahindi ya hivyo mnayajua yanavyotoka, njano njano kama yana homa. Ndo Nane Nane ya 2022 pale Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, Rais Samia akazindua huu mpango, bajeti ikatengwa bilioni 150 kwa msimu wa 2022/23, na DAP (ya kupandia) na Urea (ya kukuzia) zikashushwa mpaka 70,000 kwa mfuko wa kilo 50. Ile tofauti kati ya bei ya soko na hiyo unayolipa wewe, serikali inailipa kampuni iliyoleta au iliyotengeneza mbolea. Wewe unamtajia namba yako wakala, yaani mwenye duka la mbolea, unampa sehemu yako, unabeba mfuko, unaondoka. Basi, hakuna muamala.

Kwahiyo ile namba uliyotumiwa ndo hela yenyewe. Tupige hesabu. Chukua ekari mbili, kila ekari mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia, jumla mifuko minne. Kwa bei ya ule msimu wa kwanza ungetoa 280,000, bila ruzuku ungetoa kama laki tano. Kwa bei zile ni laki mbili na ushee umezilalia kwenye simu huku unachungulia salio. Inauma eeh? Najua. Na si wewe peke yako, ndo maana nimeanza na swali lako.

Sasa nenda ofisi ya kijiji, mwambie huyohuyo mtendaji uliyekuwa unamsema vibaya kwamba unataka kuhuisha taarifa zako, ekari ulizonazo msimu huu na mazao, na kama ulibadilisha laini ya simu sema. Usajili wa mwaka juzi ukiachwa hivyohivyo unachacha. Afu usishike ile 70,000 kichwani kama amri ya Musa, bei elekezi hutangazwa na TFRA, ile mamlaka ya udhibiti wa mbolea, na wakala anatakiwa aibandike dukani pale ambapo kila mtu anaiona. Ukikuta ukuta mtupu uliza.

Bibi, wakala wetu ni mtu mzuri sana hata misibani anachanga. Kijiji kizima tumemwachia namba zetu kaziandika kwenye daftari ili tusisumbuke, mtu ukienda unasema jina tu. Msimu huu nimefika naambiwa namba yangu imeshachukua mifuko yote na mimi sijabeba hata mmoja. Anasema ni mtandao. – Kijana wa Namtumbo

Mtandao haubebi mifuko mwanangu. Kama namba imechukua basi kuna mtu kachukua.

Ngoja nikusimulie kitu, wazee watanielewa haraka. Kabla ya hizi namba tulikuwa na vocha, ule mpango wa 2008 mpaka 2014. Kaya ilikuwa inapewa vocha tatu za ekari moja, ya mbolea ya kupandia, ya kukuzia na ya mbegu, vocha ilikuwa inalipia kama nusu ya bei, nusu iliyobaki unatoa mwenyewe. Karatasi nzuri kabisa, na kijiji kikachagua kamati yake. Sasa shida ikawa ile nusu ya pili. Mtu hana. Vocha anayo mkononi, ya kujazia hana, mvua hiyo imeshapiga mara mbili. Baba yangu mdogo alisaini vocha zake zote tatu mbele ya macho yangu, mimi bibi shamba nimekaa palepale, akapewa elfu kumi na bia mbili. Mwenye duka akaenda zake benki kubadilisha zile karatasi kwa hela kamili na mbolea haijatoka stoo hata kilo moja. Kwenye vitabu baba mdogo alipokea mbolea mbili na mbegu. Kwenye shamba alivuna magunia manne, na mwaka ule nililipa mimi ada ya mwanae.

Nimekusimulia ujue kwamba mchezo ni uleule, karatasi tu imegeuka namba. Na vocha angalau ulikuwa unaisaini unaona inaondoka, namba inaondoka wewe umelala. Wakala mzuri hana haja ya daftari la namba zenu. Utaratibu ni kwamba unaenda mwenyewe, unataja namba yako, anaskani ile alama ya mraba iliyopo kwenye mfuko, na mfuko alioskani ndo huohuo unaondoka nao, siyo mwingine ulioko kona ya nyuma. Simama uangalie anaskani mingapi. Umenunua miwili kaskani minne hapo kuna miwili imeenda safari bila wewe, na ukisikia mbolea ya ruzuku imekamatwa inavushwa mpakani ujue ilitoka stoo kwa namba ya mtu. Chukua risiti, hata kama amekunja uso.

La kufanya leo, nenda kwa afisa kilimo wa kata akutazamie kwenye sistimu namba yako imetumika tarehe gani na kwa wakala yupi. Nenda na wenzako watano sita, ukienda peke yako utaambiwa umesahau. Na hata kama alichanga msibani, hilo ni jambo lingine.

Pole na kazi Bibi Shamba. Mume wangu alifariki mwezi wa nne. Namba ya ruzuku ilikuwa ya kwake na laini yake shemeji kaichukua. Ekari tatu nalima mimi na watoto. Nikienda kwa mtendaji anasema nisubiri kikao cha ukoo kwanza maana shamba lina mgogoro. Mvua hazisubiri ukoo. – Mama watatu, Njombe

Pole sana mdogo wangu, Mungu ampumzishe. Hiyo sentensi yako ya mwisho nimeisoma mara mbili.

Nianze na mtendaji, hapa sasa ndo kakosea. Daftari la ruzuku siyo daftari la urithi. Anasajiliwa mtu anayelima, hata aliyekodi shamba la mtu anasajiliwa na hakuna anayesema kwa kusajiliwa kule amelichukua shamba la mwenyewe. Kwahiyo ukoo wakae kikao chao mwezi wa kumi na mbili wakitaka, wewe unasajiliwa kwa jina lako kwa sababu jembe liko mkononi mwako. Na hilo la ardhi lenyewe, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki, hilo uliweke akilini kwa siku ya kikao, usiende kimya.

Beba kitambulisho chako cha NIDA, beba simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, siyo ya mtoto wala ya kaka, halafu pitia kwa mwenyekiti wa kitongoji akuandikie kwamba unalima pale na anakufahamu. Cheti cha kifo kama umeshakipata kibebe pia ili jina la marehemu litolewe. Hii ni muhimu kuliko unavyofikiri, maana laini iko kwa shemeji, na shemeji akijua namba hiyo inashusha bei ya mbolea mifuko sita atajikuta amekuwa mkulima ghafla.

Nina dhambi yangu hapa nitaitubu hadharani. Miaka ile nilikuwa nakaa chini ya mwembe na fomu, baba mwenye nyumba anakuja, namuuliza ekari ngapi, anasema moja. Moja kwa sababu anaogopa nikiandika nyingi kesho watakuja watu wa ushuru. Nyuma yake mke wake amesimama na mtoto mgongoni, ananionyesha vidole vinne. Nilikuwa naandika moja. Aliyeulizwa ni baba, basi. Zile ekari tatu nyingine alikuwa analima yule mama na hazikuingia popote, na hiyo ni nyumba moja tu, siku moja ilikuwa na nyumba arobaini. Wenye waume hai nawaambia na nyie, kama una kipande chako cha kulima jisajili na kipande chako.

Hujambo Mama. Mimi ni mkulima kutoka Trans Nzoia, Kenya, nasoma safu yako kila mara. Huku tulisajiliwa na chifu, meseji ikaja kwamba nimepewa mifuko sita, kufika depo naambiwa stoki imeisha nirudi wiki ijayo. Wiki ijayo imekuwa wiki nne. Na ile hadithi ya mbolea feki bado iko kichwani. Je, kwenu ni afadhali? – Mkulima wa mahindi

Sijambo, karibu sana jirani. Afadhali ya kwetu sijui kama ipo, ila tofauti ipo. Nyinyi bei yenu imeshuka vizuri, kutoka elfu sita na zaidi za Kenya kwa mfuko wa kilo 50 ikaja 3,500 mwezi wa tisa 2022, halafu 2,500 mwaka uliofuata. Ila mbolea ilikuwa inapita zaidi kwenye maghala ya serikali, kwetu inapita kwa wenye maduka. Ghala la serikali liko mbali na nauli ya kubeba mifuko inakula ile ruzuku yote, wenye maduka wako karibu kidogo lakini umeshasoma barua ya kijana wa Namtumbo. Hata kwetu msimu wa kwanza mawakala walikuwa wamejazana mijini, mtu anatoka kijijini usiku, analala foleni, asubuhi mtandao hakuna.

Hiyo ya mbolea feki ya 2024 sijaisahau na mimi. Waandishi walichimbua mwezi wa tatu wakakuta mifuko iliyouzwa kama mbolea ya ruzuku ndani yake ni udongo wa machimbo uliosagwa, waziri wa kilimo wa wakati huo Mithika Linturi bunge likapiga kura kumtoa mwezi wa tano, kamati ya wabunge ikaja kumsafisha. Mkulima aliyekuwa ameshapanda na ule udongo ndo alibaki na kazi ya kueleza mahindi yake kwa nini yanamwangalia hivyo.

Kwa hiyo wakati unasubiri stoki, siku ukiipata mbolea yenyewe fungua mfuko mmoja hapohapo depo. Angalia mshono kama umeshonwa mara moja au una matundu ya sindano mawili mawili, mfuko ulioshonwa upya unajionyesha. Chukua chembe za Urea weka kwenye glasi ya maji koroga, inapotea yote na glasi ukiishika inakuwa ya baridi. Ikibaki tope chini hiyo siyo Urea. Hii haitumiki kwa DAP maana DAP inaacha mabaki kidogo hata ikiwa nzima, usije ukamgombeza mtu bure. Na usisubiri sana, mahindi yakipita magoti Urea ya bei nafuu iliyochelewa haina faida kuliko nusu mfuko wa bei ghali uliokuja kwa wakati. Nunua hata huo nusu.

Bibi Shamba mimi nina mjomba Uholanzi, anasema wakulima wa kule wanawekewa hela benki kila mwaka kwa sababu tu wana shamba. Kwa nini sisi tunapewa punguzo la mfuko kama tuko kwenye mnada? – Morogoro

Mjomba hajadanganya. Ulaya wana sera yao moja ya kilimo tangu 1962, inakula kama theluthi ya bajeti yote ya Umoja wa Ulaya. Mwanzo hawakuwa wanagawa hela, walikuwa wananunua mazao kwa bei ya juu, wakulima wakazalisha mpaka miaka ya themanini siagi ikawa inarundikwa kwenye mabohari hakuna wa kuila. 1992 wakaanza kugeuza, sasa mtu analipwa kwa hekta. Ila sikiliza kwa hekta maana yake nini. Mwenye hekta elfu analipwa elfu, mwenye tano analipwa tano, ndo maana kama asilimia 80 ya hizo hela zinaishia kwa asilimia 20 ya wapokeaji. Na bado mwanzoni mwa 2024 walipeleka matrekta Brussels kupiga honi.

Kwetu kulipa kwa hekta unaanzia wapi? Mashamba mengi vijijini hayajapimwa, na umeona yule baba wa ekari moja yenye vidole vinne. Siku ukitangaza hela kwa ekari kila mtu atakuwa na ekari arobaini mpaka kwenye mto. Mfuko angalau una uzito na unaonekana. Mimi binafsi naona afadhali mfuko, ila ningependa uje mwezi wa tisa na siyo mwezi wa kwanza, mahindi yameshatoka ndevu ndo gari la mbolea linapiga honi kijijini.

Zile hela za mkononi ambazo baadhi yenu mnazitaja kwenye meseji ni za TASAF, zile ni za kaya masikini, hata asiyelima anapata. Msichanganye.

Nimepata meseji: "Hongera umechaguliwa kupata RUZUKU YA KILIMO tsh 5,000,000 tuma 35,000 ya fomu kwa namba hii." Mke wangu ananizuia. – Dodoma

Msikilize mke wako. Nimeshakwambia ruzuku haiji mkononi, sasa hiyo inakuja mkononi na inataka nauli. Hiyo namba itume kwenda 15040, ndo ya kuripoti matapeli wa simu, halafu piga \*106# uangalie hakuna laini nyingine zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua.

Ya fasta fasta

*Wakala kaniambia DAP imeisha nichukue Fomi Otesha. Ni mbolea kweli?* Ni mbolea, inatengenezwa Nala hapo Dodoma na Itracom, kampuni iliyotokea Burundi. Ni samadi imechanganywa na mbolea ya viwandani. Otesha ya kupandia, Kuzia ya kukuzia, Nenepesha jina linajieleza. Kosa ninaloliona ni mtu kupandia Kuzia kwa sababu ndo aliyoikuta dukani.

*Nina nusu ekari, mfuko mzima hela sina.* Uliza wa kilo 25. Akisema hana mwambie utarudi, usikubali apasue wa 50 akupimie kwenye kopo la rangi, hapo kilo zinapungua na mbolea hujui ni ipi.

*Nimebakiwa na mfuko mmoja wa Urea ya ruzuku, jirani anaitaka kwa bei nzuri.* Hapana. Imeandikwa ya ruzuku na imetoka kwa namba yako, ikikamatwa kwake atakayeitwa ni wewe. Ihifadhi. Funga mdomo wa mfuko kwa kamba vizuri, uweke juu ya mbao mbali na ukuta, mbali na mbegu, siyo kwenye sakafu ya jikoni kama nilivyofanya mimi mwaka jana, ikavuta unyevu ikawa jiwe moja la kilo hamsini, nikashinda Jumamosi nzima naipasua na mchi.